Kichupa Kisichotiwa Kitu

Kichupa cha mwisho kiligeuka njano. Zdravka akakiosha, akarudia jaribio. Hakikutiwa kimeng'enya, kazi yake ilikuwa kubaki na maji maangavu ili vingine vilinganishwe nacho. Kikageuka njano tena.

Usomi wake wote ulikuwa wa kimeng'enya kimoja, kile kinachogeuza makapi ya maua ya waridi ya mji wa Kazanlak kuwa manukato. Maabara hii mpya ilijengwa kwa ajili hiyo. Lakini tangu wahamie, ukuta wa nyuma ulinuka chokaa mbichi, na ndani yake mtu aliguna wimbo uleule anaouguna Zdravka akiwa kazini.

Mchana alitoka uani kupunga hewa. Jua lilikuwa kali. Miti ilikuwa na vivuli. Yeye hakuwa na kivuli.

Ndipo akakumbuka siku ya kuchimba msingi. Profesa Lyubomir, mwalimu wake, alimwambia asimame juani apigwe picha. Na nyuma yake fundi Metodi aliinama na uzi, akipima kitu ardhini. Bibi yake alikuwa akisimulia hayo: kivuli kikipimwa na uzi ukazikwa ukutani, mwenyewe hufa, akabaki mlinzi wa jengo.

Akaenda ofisini kwa Lyubomir. "Profesa, umenifanya nini?" alinong'ona.

Lyubomir alifunga mlango kwanza. "Ukuta ulikuwa unaanguka kila tukiusimamisha. Metodi akataka kivuli cha mtu. Nikamcheka. Halafu... nikakutaja."

"Mimi? Kati ya watu wote?"

"Huna mume, huna mtoto. Na kazi hii, Zdravka, wewe usingeiacha kamwe." Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli.

"Basi bomoa, mwalimu wangu. Utoe huo uzi."

"Wageni wa uzinduzi wanakuja Ijumaa, mwanangu."

Zdravka akachukua nyundo mwenyewe, akaupiga ukuta, na kila pigo likatua kwenye mbavu zake, naye akazidi kupiga huku mguno ule ukimjia karibu zaidi, chokaa ikimjaa kinywani, mpaka akashindwa kujua kama yuko nje akipiga au yuko ndani akipigwa.

Maua ya waridi yalipochanua tena, Bilyana aliyeshika nafasi ya Zdravka aliinua kichupa.

"Profesa, hiki kisichotiwa kitu kimegeuka njano tena!"

"Kizoee, binti. Ndivyo kilivyo." Lyubomir alitazama dirishani. "Ukimaliza njoo nje. Tunaanza jengo la pili, nataka upigwe picha. Utasimama pale, kwenye jua."

Ndani ya ukuta Zdravka akapiga kelele kwa nguvu zake zote. Mezani, vichupa vyote vikageuka njano.