Mama wa Nje ya Kioo

Haya yalimkuta mjukuu wa jirani yangu Beryl, hapa hapa Bradford, Uingereza. Asiyetaka kuamini na asiamini, lakini mtoto huyo nilimbeba kwa mikono yangu.

Janine, binti yake Beryl, alihamia fleti kwenye jengo lililokuwa hospitali ya watoto, enzi za dondakoo, ule ugonjwa wa koo uliokuwa ukiua watoto. Kuta nene, madirisha makubwa, bustani hadi mlangoni. Tulikwenda kunywa chai, tukamtania kwamba sasa amekuwa bwanyenye, asije akatusahau sisi makabwela.

Jumapili ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, mwanawe Kieran, wa miaka minne, alisimama dirishani akipunga mkono. Janine akamuuliza anampungia nani.

"Yule mama. Anauliza kama nakula."

Nje hapakuwa na mtu. Jioni ile koo la mtoto likavimba, homa ikapanda.

Madaktari hawakuona kitu. Akapata nafuu, Jumapili ikafika, akapunga tena, homa ikarudi kali zaidi. Ikawa ndiyo mtindo, hadi mtoto akabaki mifupa mitupu. Siku niliyomnyanyua nikaona alivyo mwepesi, nililia, wala sioni haya kusema.

Beryl ana mdomo kama cherehani, lakini siku hiyo alinong'ona. Alisema zamani wazazi hawakuruhusiwa kuingia wodini, kwa hofu ya maambukizi. Jumapili walisimama nje, wakawatazama watoto wao kupitia kioo. Mtoto akifa, wauguzi walivuta pazia, wenzake wasione mama akilia.

"Huyo nadhani hakuambiwa," alimwambia Janine. "Mwambie wewe, mwanangu. La sivyo atamchukua huyu."

Jumapili iliyofuata mimi na Beryl tulikaa na Kieran jikoni. Janine alisimama dirishani peke yake. Alitusimulia baadaye kwamba kioo kiliingia ukungu. Kwa nje. Kisha ukatokea uso wa mwanamke kijana, kofia kichwani, macho yamevimba.

"Dada," Janine alisema, "huyu ni wangu. Wako alishafariki. Walipaswa kukuambia. Pole sana."

Midomo ya yule mama ilitetemeka.

"Aliniita?"

Janine angejuaje? Aliyatazama yale macho, roho ikamuuma.

"Hapana, dada. Alilala tu, hakuamka."

Ukungu ukafutika, uso ukaondoka nao.

Kieran hajaugua tena. Lakini tulipotoka nje tulikuta yai limewekwa kwenye kizingiti cha dirisha. Beryl aliliona akakaa chini palepale kwenye majani, akalia kwa kwikwi. Alituambia kwamba enzi hizo mama aliyebahatika kupata yai alimletea mwanawe, akaliandika jina kwa penseli, wauguzi wasije wakamchemshia mtoto mwingine.

Nililishika. Lilikuwa bado na joto, na limeandikwa *Kieran*.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumtajia yule mama jina hilo.