Pipa la Ndege wa Mto Wala

Mvua haikunyesha pale walipokuwa. Ilinyesha huko juu, na wao wakaona maji tu: yametambaa kimyakimya kati ya majani, rangi ya chai ya maziwa, yakaigeuza mbuga ya Wala kuwa ziwa. Gari lilishazama hadi madirishani. Dafrosa na mumewe Mathias, watafiti wa wanyama kutoka Ipuli, wakakimbilia kichuguu wakiburuta pipa la plastiki lenye kazi ya asubuhi nzima: ndege wa nyavuni, popo na panya wa mitego, wote wamelazwa kwenye spiriti.

Wanyama nao walikimbilia hapohapo. Nguchiro, sange wenye pua ndefu kama mkonga, nyoka. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Mathias akacheka, akasema miaka yote anawatega, leo wamejileta.

Maji yalipofika magotini, Dafrosa alimsihi amwage pipa. Likiwa tupu, mfuniko umekazwa, lingewabeba wote wawili. Mathias akalikumbatia. Ndani mlikuwa na ndege mmoja wa mgongo wa kijani waliyemtafuta kila masika tangu waoane. Akasema maji yatasimama.

"Baba Recheli, mimi sijui kuogelea."

"Najua. Subiri kidogo."

Yalipofika kifuani ndipo akamwaga. Ndege wakaelea wakiwazunguka, matumbo juu. Akakaza mfuniko, akavua mkanda wake wa suruali, akamfunga mkewe kwenye mkono wa pipa. Alikuwa akitafuta kitu cha kujifungia yeye mwenyewe gogo lilipokuja likizunguka, likampiga ubavuni. Dafrosa aliuona mkono wake juu ya maji. Kisha hakuuona. Akavuta mkanda kwa kucha na meno ili amfuate, lakini Mathias alikuwa ameufunga vizuri.

Wavuvi walimkuta alasiri, pipa limenasa kwenye mti, sange mmoja mdogo amejikunja begani mwake. Dafrosa akamwamkia mzee wao shikamoo, kwa mazoea tu.

"Marahaba, mwanangu. Mlikuwa wangapi?"

"Wawili."

Mzee Shomari akageuza mtumbwi. Walizunguka, wakaita, wakachokonoa vichaka kwa upondo mpaka jua likazama. Walipogusa nchi kavu sange akaruka, akapotelea majanini. Dafrosa alibaki ameketi.

Mzee aliligonga pipa, akalisifu kwa uimara, akauliza kama amshushie. Dafrosa akamwambia alichukue yeye.

"Lilibeba nini?"

"Ndege," alisema. "Walikuwa wameshakufa."