Vikaratasi vya Ardell

Jumapili ile ilianza vizuri tu. Mchungaji alimaliza mapema, theluji ilikuwa imekatika, na mjukuu wangu Wendell alipita kiwanda cha maziwa akachukua mfuko wa jibini mbichi, vile vipande vinavyolia kwenye meno ukivitafuna siku hiyo hiyo. Akavipeleka kwa dada yake Linnea, kama kila Jumapili. Saa nane mchana. Jua limepiga kwenye theluji mpaka macho yanauma. Nalisema hilo mapema maana watu hudhani mambo haya yanataka giza. Hayataki.

Wendell ana miaka ishirini na sita, kazi yake kuosha matangi ya maziwa, na ana kigugumizi tangu utoto. Mama yao alipokufa, Linnea ndiye aliyekuwa anamsubiri. Sisi wengine wote tulikuwa tunammalizia maneno, na mimi nimo. Linnea hata siku moja. Anakaa na kijiko mkononi, supu inapoa, anangoja neno la mdogo wake lifike. Kwa hiyo kama kuna mtu Wendell asingekubali kumkosa, ni huyo dada.

Katika chumba cha chini cha Linnea kuna meza, na kwenye meza hiyo wanacheza mchezo wao. Si karata. Kila mtu anajifanya mtu mwingine wa zamani za panga na majoka, sifa zake zote zimeandikwa kwenye karatasi moja. Royce, mchumba wa Linnea, ndiye anayeongoza hadithi. Ukitaka kufanya jambo, unarusha dadu, dadu zina pembe nyingi, ile kubwa ina namba mpaka ishirini. Na ukitaka kufanya jambo la siri, unaandika kwenye kikaratasi, unamsukumia Royce, anasoma, anatikisa kichwa, anakitupa kwenye mkebe wa kahawa. Wengine hawajui umefanya nini. Ndiyo utamu wake, wanasema.

Ardell naye alikuwa anacheza. Ardell ni mdogo wangu, tumbo moja. Mzee mzima, amestaafu, anashuka ngazi kwa kushika ukuta kwenda kucheza na watoto. Nilijua kwa nini. Maisha yake yote alikuwa na mdomo wa kugombanisha watu, na kila mtu alishamkimbia. Pale mezani uongo wake ulipigiwa makofi. Alijifanya malenga, jina lake Ilvan, mwenye zeze mgongoni na siri kila mfukoni. Malenga huyo anakuimbia sikioni kitu, wewe unarusha dadu. Ukipata namba ndogo umeshindwa, lazima uamini.

Na vikaratasi vyake! Ardell alikuwa anavilamba. Anakunja, anapitisha ulimi pembeni kama bahasha, ulimi mpana, mweusi kwa tumbaku ya kutafuna, halafu anabana kwa kidole gumba. Royce alikuwa anavifungua kwa ncha ya kisu.

Mdomo huo ndio ulionikosanisha na dada yangu Verna. Chanzo kilikuwa blanketi la viraka la mama yetu, nani alirithi. Ardell alikuja jikoni kwangu, akakoroga kahawa, akasema, "Sikwambii mimi, ila muulize Verna alichosema juu yako pale mama alipozikwa." Akaenda kwa Verna akasema hivyo hivyo. Mwisho akanyanyua mikono, "Mimi sijasema kitu." Miaka kumi na tisa sasa, mimi na Verna tunakaa mabenchi mbalimbali kanisani.

Ardell alikufa mwezi wa kumi. Ulimi ulimvimba ukajaa mdomo. Wiki tatu za mwisho hakusema neno, aliandika tu. Na bado alivilamba vile vikaratasi, na ulimi ule ule, akavibana ili muuguzi asisome. Nilipokea viwili. Niliosha mikono mpaka ikachubuka.

Mezani kwao kuna sheria: dadu za mtu hazishikwi na mwingine, na akifa anazikwa nazo. Karatasi yake nayo inafungiwa sandukuni, haichezwi tena. Kazi ya kutia mfuko wa dadu ndani ya jeneza alipewa Wendell.

Wendell alitia mfuko. Ndani aliweka punje za mahindi.

Alitaka ule mdomo, basi. Mtu aliyekwama kwenye maneno maisha yake yote, unamlaumuje? Mimi namlaumu.

Mwezi wa kwanza shujaa wake Wendell aliliwa na zimwi kwenye mchezo. Akatoa mfukoni zile dadu. Akafungua sanduku, akachukua karatasi ya malenga.

Royce akasita. "Kaka, hiyo si ya marehemu?"

"Wendell," Linnea akasema, "si tulimzika nazo?"

Wendell akafungua mdomo. Akategemea kukwama. Badala yake maneno yakateleza kama mafuta: "Babu Ardell alinipa mwenyewe hospitalini, dada yangu. Alisema zisikae bure."

Hakukwama hata mara moja. Linnea akalia kwa furaha, akamkumbatia. Wendell akacheka naye. Lakini mdomoni alihisi ladha. Maziwa yaliyochacha, na tumbaku. Yeye hajawahi kutafuna tumbaku.

Siku hiyo aliandika kikaratasi chake cha kwanza cha malenga. Akakikunja. Kabla hajajua, alishakilamba.

Basi ikawa hivyo kila Jumapili. Malenga anainama sikioni kwa askari wa Linnea, anaimba kwa sauti ya chini: yule unayemwamini anakucheka ukigeuka. Linnea anarusha dadu. Mbili. Jumapili nyingine, tatu. Jumapili nyingine, moja. Kwenye mchezo lazima aamini. Wanacheka, wanakula jibini.

Ila nyumbani Linnea akaanza kumtazama Royce akigeuka.

"Unacheka nini?" anamuuliza.

"Sijacheka, mpenzi. Naosha vyombo."

"Nimekuona."

Harusi ilikuwa imepangwa Jumamosi baada ya Pasaka. Kufika mwezi wa pili Linnea hakutaka hata kutaja keki. Wendell aliona. Alijua ni neno lipi limetoka kinywani mwake na limeota wapi. Kila akitaka kulifuta, ulimi unageuka wenyewe na kuongeza jingine, tamu zaidi. Na kila usiku anausugua kwa mswaki mpaka damu, na ladha ile haitoki. Asubuhi mto umelowa mate. Mate mengi, ya kahawia.

Sasa turudi Jumapili ile ya jua.

Wametandaza karatasi, bakuli la jibini liko katikati. Royce hakuanza hadithi. Aliufungua mkebe wa kahawa.

"Wendell, leo umenipa vikaratasi vingapi mpaka sasa?"

"Hatujaanza."

"Na Jumapili iliyopita?"

"Viwili."

Royce akageuza mkebe. Vikaratasi makumi vikaanguka mezani. Havikutawanyika. Vilianguka pamoja, bonge moja, vimegandana kwa mate. Vilikuwa bado vimelowa. Uzi wa mate ukavutika kutoka kwenye mkebe mpaka mezani, ukakatika.

Linnea akaziba mdomo.

Royce akatenganisha kimoja kwa kisu. Akasoma. Uso ukambadilika. Akatenganisha kingine. Hayakuwa mambo ya mchezo tena. Yalikuwa majina yao.

"Nani ameandika kwamba nilimcheka mama yako alipokuwa anakufa?" Royce aliuliza polepole. "Sijawahi hata kumwona mama yako."

"Ulimcheka?" Linnea akanong'ona.

"Linnea!"

"Nimekuuliza, ulimcheka?"

Linnea alikuwa ameshaanza kuvua pete. Wendell aliiona ikipita kwenye fundo la kidole. Akataka kupiga kelele: uongo, dada, ni uongo wote. Akafungua mdomo.

"Sikwambii mimi, dada yangu," mdomo ukasema, laini, "ila ningekuwa wewe nisingeisubiri Pasaka."

Sauti haikuwa yake. Linnea aliijua. Wote mezani waliijua ile sauti.

Wendell akaruka akashika penseli. Akaandika NISAIDIENI kwenye kikaratasi, herufi kubwa. Akakisukuma. Njiani mkono ukapanda mdomoni wenyewe, ulimi ukatoka. Ulimi ulikuwa mpana. Ulikuwa mweusi. Ukapita pembeni ya karatasi taratibu, kama unaonja.

Royce akakifungua. Kilisema: Mimi sijasema kitu.

Basi Wendell akafanya kitu kimoja tu alichoweza. Akatia vidole viwili na gumba ndani ya kinywa chake, akaukamata ule ulimi. Uliteleza. Ulikuwa moto, mnene kama mdudu, unajinyonganyonga. Akaubana kwa kucha. Akatapika jibini juu ya karatasi, juu ya dadu, akaendelea kuubana. Na katikati ya matapishi na damu, akasema:

"U-u-u..."

Linnea akaacha kuvua pete.

"Usimmalizie," akamwambia Royce. "Nyamaza. Mwache."

"U-u-uo..."

"Nakusikia, mdogo wangu. Nipo. Sema tu."

Kule juu friji ilinguruma ikanyamaza. Wakangoja. Dadu kubwa mezani ilijigeuza. Ishirini. Hakuna aliyeigusa.

"U-uo-uongo," akasema Wendell. "Wo-wo-wote."

Linnea akamwamini kwa sababu amekwama. Huyo ndiye aliyekuwa anamjua. Pete ikarudi kidoleni.

Walinijia jioni hiyo hiyo, wote watatu, karatasi ya malenga imefungwa ndani ya mfuko wa mkate. Wendell alikuwa ameweka kitambaa mdomoni. Akaniambia yote, na la mahindi. Ilichukua saa nzima, na safari hii nilingoja.

"Tumejaribu kuichana," Royce akasema. "Haichaniki. Sheria yetu ni kwamba mwenye karatasi ndiye anayeichana. Akifa, ndugu zake wa tumbo moja. Wote, bibi. Wamebaki wangapi?"

"Wawili."

"Basi tumpigie bibi Verna. Ana..."

"Verna simpigii simu."

"Bibi, tafadhali," Linnea akasema. "Ni dakika mbili tu."

"Nimesema simpigii! Ardell nilimbeba mimi mgongoni, nilimfuta mimi kamasi. Nitamchana mimi."

Niliitoa ile karatasi kwenye mfuko. Haikuwa kavu. Ilikuwa laini na vuguvugu, kama ngozi ya ndani ya shavu. Nilipoibana ilitoa majimaji. Nikavuta. Ikachanika. Ilichanika kutoka juu mpaka karibu na chini, na pale chini, upana wa kidole tu, ikagoma. Nikavuta mpaka viungo vikauma. Ikanyumbuka, haikukatika.

"Inatosha," nikasema. Nikaitupa kwenye jiko la kuni pamoja na dadu. Ilichemka kwanza, kama mate kwenye bati la moto. Harufu ilikuwa ya nyama. Royce alitoka nje kutapika kwenye theluji.

Wendell akapata kigugumizi chake chote. Tukafurahi. Umewahi kuona watu wanafurahia kigugumizi? Harusi ilifungwa Jumamosi baada ya Pasaka. Yeye ndiye aliyenyanyua glasi ya shampeni na kuwatakia heri, maneno sita, dakika mbili. Ukumbi mzima ulinyamaza, na Linnea akitabasamu, anangoja kila herufi. Verna alikuwa meza ya pili. Hatukusalimiana.

Sasa ni mwezi wa sita. Jumanne iliyopita Wendell alikuja peke yake, mchana, nimetoka kukata rubabu, yale mabua mekundu machachu, bustanini. Nikampa kahawa. Akakaa pale alipokuwa anakaa Ardell, akaikoroga muda mrefu.

"Linnea hajambo?" nikauliza. "Wiki mbili hajanipigia."

"Hajambo, bibi," akasema. "Ana shughuli zake na Royce. Unajua mtu akishaolewa. Kahawa yako nzuri sana leo."

Nikageuka kutoka kwenye sinki. Nilingoja akwame. Nilingoja sana.

"Umepona?" nikanong'ona.

"Nimepona, bibi yangu." Akatabasamu kwa midomo iliyofungwa. Akavaa kofia, akanibusu shavuni. Busu lilikuwa limelowa. Akaondoka.

Kikaratasi kilikuwa chini ya kisahani. Kimekunjwa vizuri, pembe zimebanwa kwa gumba, na ule ukingo ulikuwa unang'aa. Juu kimeandikwa jina la Verna.

Sikukigusa. Nilikichukua kwa koleo ya kutolea mitungi ya kioo kwenye maji moto, nikakitia ndani ya mtungi mtupu wa achari ya matango, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote. Nikauweka stoo, rafu ya chini, nyuma ya mitungi ya nyanya. Namba ya Verna naijua kwa kichwa, haijabadilika. Simu nimeishika mara mbili, nimeirudisha.

Leo asubuhi nilikwenda stoo kuchukua chumvi. Stoo ni kavu, mitungi yote ni mikavu. Ule mmoja kioo chake kimepiga ukungu kwa ndani. Nikasimama nikautazama. Ukungu ulikuwa unapungua, halafu unarudi. Unapungua, halafu unarudi.