Wewe Shali Hii Sikuuzii

"Hiyo shali wewe sikuuzii."

Nilidhani ananitania. Shali nilikuwa nimeshaikunja mkononi, na mtaa mzima wa maduka ya zamani ulifurika watu wa manunuzi ya sikukuu.

"Mama, si unauza shali?"

"Nauza. Ila hiyo si ya yule binti wa duka la vifungo?"

"Ndiyo, ni mpenzi wangu."

"Basi nenda zako, mwanangu. Yeye keshapata."

Keshapata! Kutoka kwa nani? Nikavuka barabara hadi kwa muuza manukato. Mzee akanitazama juu ya miwani.

"Ya binti wa vifungo? Hapana, kijana, nimeshamwekea. Halafu hongera, eti!"

"Hongera ya nini, mzee?"

Akacheka, akamgeukia mteja mwingine. Fundi viatu naye akaniambia viatu vya binti viko tayari, nisijisumbue.

Kumbe kuna jibaba linamnunulia kila kitu, na mimi bwege nazunguka madukani! Nikamtumia ujumbe.

"Uko dukani?"

"Nipo, ila usije leo. Nina kazi nyingi."

Usije? Nikaenda mbio.

Nilimkuta kainamia mikebe yake, anatenganisha vifungo vya mifupa na vya plastiki. Macho mekundu.

"Ni nani huyo?" nikafoka.

"Nani tena?"

"Anayekununulia shali, manukato, viatu!"

Akashika kichwa.

"Wamekuambia?"

"Kwa hiyo ni kweli!"

"Hakuna mwanaume. Ni wao wenyewe. Mtaa huu mwenye duka akitaka kuolewa, kila jirani anamtolea kitu cha dukani kwake. Bwana harusi hawamuuzii, vitu visije vikawa viwiliviwili."

"Unaolewa?"

"Ndivyo nilivyowaambia."

"Na nani?" Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

"Na wewe, mjinga wewe!" Machozi yakamtoka. "Kila sikukuu wananiuliza, huyo fundi friji wako vipi? Kila sikukuu najibu, bado anajipanga. Mwaka huu nikaona aibu, nikadanganya. Leo nimeshinda nikitafuta namna ya kuwarudishia vitu vyao."

Kweli nilikuwa najipanga, nyumba kwanza, vyombo kwanza, na kumbe sikuwahi hata kumuuliza anataka nini.

"Usirudishe," nikasema.

"Sitaki kuonewa huruma."

"Huruma gani? Nimetoka huko nje nusura nife kwa kudhani unaolewa na mwingine. Nakupenda. Naomba nikuoe."

Mteja alikuwa mlangoni na koti lisilo na kifungo. Mpenzi wangu akamwomba radhi, akamfungia mlango, akanigeukia.

"Rudia."

"Si umesikia?"

"Nimeisubiri mno. Siwezi kuisikia mara moja tu."

Nikarudia. Akasema ndiyo kabla sijamaliza.