Vazi la Marehemu Guerschom

Jua lilikuwa linazama Katwe, nami nilikuwa nimechoka kubishana. Okullo, msimamizi wa ghala letu la saruji, alitaka nipeleke mfuko mmoja kwa fundi wa jirani.

"Nyongesa, vaa mashine."

Nililichukia vazi lile la chuma. Unajifunga mgongoni, kiunoni na mapajani, mota zake zinakusaidia kuinua mzigo. Kabla yangu lilivaliwa na Guerschom, Mkongomani tuliyebeba naye mizigo. Okullo alituambia mwenzetu huyo alifia nyumbani kwake.

"Linaniumiza, ssebo. Nitabeba hivihivi."

"Vaa, ama uache kazi."

Nikavaa. Nikafikisha mfuko. Nilipotaka kurudi ghalani, miguu ilikataa.

Ngrrr... ngrrr...

Vazi liligeukia upande wa pili, nami ndani yake. Nikabonyeza swichi ya kuzima. Nikabonyeza tena. Nikavuta mikanda, vifungo havikulegea. Nilipiga kelele, watu wakacheka, wakidhani nafanya mchezo. Hata mmoja hakunisaidia! Na harufu ya dawa ya kuchua misuli ikaanza kupanda kutoka kwenye mikanda. Guerschom ndiye aliyekuwa akijipaka. Mimi sijawahi.

Likanipandisha hadi Kisugu, mtaa nisioujua. Mbele ya mlango mmoja likasimama.

Mota zikazima.

Akafungua Estelle, mjane wa Guerschom. Nilimtambua, nilimwona mazishini. Alinyoosha mkono polepole, akanigusa shingo.

"Uko na joto," akanong'ona. "Aksanti Mungu. Uko na joto."

"Mama, nisaidie kufungua..."

"Bwana yangu pia alifika hivi. Anatembea muzuri kabisa. Nikamugusa..." Akakitazama kiganja chake. "Alikuwa baridi. Baridi ya mutu alikufa tangu muchana."

Vifungo vikafunguka vyenyewe.

Tak. Tak.

Kesho yake nilimweleza Okullo yote. Akatazama pembeni. Fundi wa mashine akasema mavazi hayo hujifunza mwendo wa mvaaji, basi. Nikauliza: na mvaaji akifia ndani? Nikafukuzwa, eti naeneza maneno ya uchawi.

Sasa analivaa Obwona, aliyechukua nafasi yangu. Nimemwonya mpaka nimechoka, ananicheka tu. Jana jioni alinipita karibu na soko, mwendo umenyooka, kichwa kimelala kifuani.

"Obwona!"

Ngrrr... ngrrr...

Hakugeuka. Nikamkimbilia, nikamfikia, nikanyoosha mkono...

Nikashindwa kumgusa.