Tundu Jipya la Mshipi wa Wasike

Pale Makadara, Phelister alisifiwa kwa sababu ya mshipi wa mumewe.

Mumewe, Wasike, alikuwa askari wa zimamoto. Mshipi wake wa kazi ulikuwa mpana, wa ngozi nyeusi. Kila ulipombana tumbo, Phelister alipasha msumari moto kwenye jiko, akautoboa mshipi tundu jipya kuelekea nchani. Majirani walioanika nguo walicheka.

"Mama Nabiswa, tundu lingine tena?"

"La tatu!" alijibu kwa fahari, mtoto wao Nabiswa akiwa mgongoni. "Mtu wangu anakula na kushiba!"

Kila jioni alimpakulia Wasike mlima wa ugali na nyama yenye mafuta mengi. Mchuzi ulikuwa na chumvi tayari, na bado Wasike aliongeza. Kisha alivuta sigara mlangoni, redio ikiimba.

Lakini mwaka ule Wasike alibadilika. Alichoka upesi. Alikoroma hadi mtoto akaamka. Phelister akimgusa bega kitandani, aligeukia ukuta.

Jioni moja alisukuma sahani pembeni.

"Mwezi ujao kuna mtihani wa kupanda ngazi," alisema. "Atakayeshindwa kufika juu ataondolewa kwenye gari la zimamoto. Atakaa ofisini kupokea simu."

"Si wewe hupanda wa kwanza?"

"Zamani hizo. Siku hizi Odero wa zamu yetu ananiita Mzee Kiazi." Alicheka, lakini kicheko hakikudumu. "Nguvu za kiume zimeniishia, Phelister. Kuna mtu kule Eastleigh anadunga sindano ya kuzirudisha. Jumamosi naenda."

"Nani amekupima?"

"Mwanamume hapimwi. Anajijua."

Phelister alivuka ua, akamwita jirani yao Waithera, nesi wa kliniki. Waithera aliingia hata kabla ya kukaribishwa.

"Shemeji, nasikia unaenda kununua uanaume. Unauzwa kwa kilo?"

Wasike alicheka bila kupenda. "Sista, mimi nimeisha."

"Hujaisha. Sikiliza. Korodani za mwanamume hutengeneza kitu kinachoitwa homoni. Ndiyo huleta ndevu na sauti nzito. Husaidia misuli, na hamu ya kumkaribia mke. Ikipungua sana, mtu huweza kuchoka. Lakini uchovu una sababu nyingi. Huwezi kujua bila kupimwa hospitalini."

"Basi nikiongezewa nyingi, si ndiyo vizuri zaidi?"

"Wewe ni mtu wa zimamoto. Nikiongeza petroli kwenye jiko langu, chai itaiva vizuri zaidi?"

"Utachoma nyumba!"

"Haya basi. Homoni ikizidishwa ovyo, damu huweza kuwa nzito, na moyo ukapata taabu kuisukuma. Na kazi yenu tayari inausumbua moyo. Moshi, joto, mavazi mazito. Umelala, kengele inalia, mara unakimbia."

"Na tumbo?" Phelister aliuliza polepole.

"Tumbo ndilo tatizo kubwa. Mafuta ya tumboni hupunguza homoni ya mwanamume, na huuchosha moyo pia."

Phelister aliutazama mshipi uliotundikwa ukutani. Yale matundu aliyatoboa yeye mwenyewe, kwa mapenzi. Machozi yakamlengalenga.

"Usilie, mama," Waithera alimwambia. "Mapenzi yako hayana kosa. Punguza mafuta tu."

Jumamosi Wasike hakwenda Eastleigh. Alikwenda hospitali, mkewe kando yake. Daktari alimpima damu na presha. Homoni ilikuwa imepungua kidogo tu, haikuhitaji sindano. Presha ndiyo ilikuwa juu. Alipewa vidonge, akaambiwa aache sigara na apunguze uzito. Ngazi asipande hadi moyo utulie. Mkubwa wake kazini alikubali kumngoja.

Sasa Phelister alipika maharagwe, samaki na sukuma wiki, chumvi kidogo. Wasike alianza kutembea kwenda kazini na kurudi. Siku za mapumziko alitembea na Nabiswa mabegani, mtoto akimvuta masikio kama usukani.

Odero alimcheka kazini. "Bwana, mke amekunyima nyama? Unakula majani kama sungura!"

"Na sungura umewahi kumshinda mbio?"

Miezi ilipita. Daktari akatoa ruhusa, na siku ya mtihani ikafika. Phelister alisimama na wake wengine, Nabiswa akiwa mgongoni. Wasike alipanda. Hakusimama katikati. Alifika juu, akapunga mkono. Nabiswa akapiga kelele, "Baba! Baba!"

Aliposhuka alimpigia mkubwa wake saluti. Papo hapo suruali ikaanza kuteleza. Mkono mmoja kwenye kofia, mwingine kiunoni! Odero alicheka hadi akakaa chini.

"Mzee Kiazi amemenywa!" alipiga kelele.

Jioni Wasike mwenyewe aliupasha msumari moto. Alimpa mkewe mshipi.

"Toboa."

"Upande gani?"

"Mbali na ncha, nyuma ya lile la kwanza kabisa."

Phelister alitoboa, majirani wakapiga vigelegele. Na taa ilipozimwa, Wasike hakugeukia ukuta.