Bomba la Maji Nyuma ya Vyoo

Ivyne aliishi na mama yake kwenye ploti ya Mzee Waithaka, nyumba za kupanga zenye ua mmoja, mtaa wa Riruta. Kila asubuhi alichota maji kwenye mfereji wa bomba uani. Maji yalikuwa meupe, wakayanywa bila kuyachemsha. Watoto wa ploti walihara mara kwa mara, lakini kila mzazi alilaumu chakula.

Mwaka wa 2009, Ivyne alijiunga na vijana waliofunzwa kuchora ramani ya mtaa na kuandika blogu kwenye mtandao. Mwalimu wao, Wambua, alimpa kifaa cha GPS, kinachoonyesha mahali mtu aliposimama.

"Leo tufuate bomba lenu," alisema. "Ukiona limeharibika, bonyeza hapa."

Walilifuata hadi nyuma ya vyoo. Ivyne akainama kutazama. Bomba lilikuwa limelala ndani ya mtaro wa maji machafu. Lilikuwa na ufa uliofungwa kwa kipande cha mpira.

"Kwani hii ndiyo maji tunakunywa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo hiyo. Maji yakikatika, bomba tupu linavuta uchafu kupitia ufa. Vijidudu havionekani kwa macho. Mwambie mama achemshe maji mpaka yatokote."

Ivyne alitema mate, akatema tena.

Mchana huo, kwenye saiba, duka la kulipia intaneti, alianza kuandika kwamba Mzee Waithaka anaua watoto. Wambua akamshika mkono.

"Umemuuliza?"

"Bado."

"Andika ulichoona, mahali na tarehe. Usichojua, kaulize kwanza."

Kesho yake Ivyne alimpelekea mzee ramani na picha. Mzee alikuwa akinywa maji. Aliitazama picha, akakiweka kikombe chini.

"Msichana wangu, hata mimi nakunywa haya," alisema. "Na wajukuu wangu. Fundi aliniambia alirekebisha."

Wiki hiyo alinunua bomba jipya. Wapangaji walilipitisha juu ya ukuta, mbali na mtaro. Ivyne aliandika hayo pia kwenye blogu, kwa ruhusa ya mzee. Mwezi uliofuata, hakuna mtoto wa ploti aliyehara.

Ndipo Nashon, mpangaji wa ploti jirani, akaja.

"Kuja na hicho kidude chako," alimwambia Ivyne. "Tufuate bomba letu pia."

Majirani kumi walitoka pamoja wakipiga gumzo. Walipofika mtaroni, walikuta bomba lao nalo limelala ndani ya maji machafu, na Ivyne akabonyeza kifaa.